Siku Tatu Bila Maji

Nsimire wa Kadutu, glavu zake bado nyekundu, kaniambia:
"Mama, siku tatu usiguse maji."
Siku tatu! Bukavu hii, yenye mvua isiyobisha hodi?
Nikashuka mteremko na mfuko wa nailoni kichwani,
muuza makala akacheka hadi akakohoa.

Siku ya nne, maji baridi. Beseni likawa rangi ya divai,
roho ikaniuma kama namwaga franka zangu.

"Na usiku, pamba hunywa rangi. Tafuta satini."
Satini nyumbani ni moja tu:
bitana ya koti la Cirhuza,
lililoning'inia tangu matanga.
Niliifumua uzi kwa uzi,
nikashona foronya.

Asubuhi nimekuta doa jekundu
pale palipokuwa mfuko wake wa ndani.
Sijaifua.