Saa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Hununui helikopta, fundi Akyoo aliniambia,
unanunua saa.
Zimebaki mia tatu na kumi na mbili
kabla injini haijavuliwa yote na mapanga kutupwa.
Na usidhani utaihadaa kwa kuiegesha:
ikifika Desemba ya mwakani, saa zitakazosalia
zitafia bandani, chini ya turubai.

Nilikuwa bado sijalipa.
Nimesimama Kisongo, jua la saa nne,
mfukoni pesa za kiwanja changu cha Kiboriloni,
mbele yangu mtumba wa viti viwili, rangi ya maini,
mlango mmoja mweupe, umetoka kwa marehemu nyingine.
Imewahi kuanguka? nikamuuliza Laizer, mwenyewe.
Hapana, akasema.
Iliwahi kukaa chini kwa nguvu.

Akyoo hakuwa akimsikiliza. Alitoa sarafu ya mia mbili
akaanza kuligonga panga, toka shinani hadi nchani,
ti, ti, ti,
sikio kaliinamisha kama mama anayechagua tikiti
soko la Kilombero.
Ti ni uzima. Ukisikia du, rudi zako Moshi.
Tukasikiliza wote watatu.
Laizer naye alibana pumzi,
ndipo nikajua kwamba mbuzi huyu,
hata mwenye gunia hajawahi kumwona.

Ti, hadi mwisho.

Kwenye kitabu chake kuna mwandiko wa wino wa kijani:
*mikanda imebadilishwa.*
Kisha miezi saba, hakuna kitu.
Hakuna aliyeruka, hakuna aliyepaka hata grisi.
Mimi pia ninayo miezi saba isiyoandikwa popote.
Sikuuliza. Nililipa.

Ndeonansia alinipandisha kwenye mizani ya misumari
dukani kwetu Mbuyuni: kilo themanini na nane.
Akapanda yeye, akavua kwanza viatu.
Nikapiga hesabu nyuma ya boksi la bawaba:
kwa joto la Moshi, tangi likijaa, mmoja wetu abaki.
Basi punguza mafuta, akasema,
akavaa viatu vyake, akaenda kumhudumia mteja wa rangi.

Bima inakula hata isiporuka.
Banda linakula. Cheti kinakula.
Petroli yake ya buluu huja kwa pipa kutoka Dar,
ikija.
Mberesero wa duka la jirani ananiuliza kila Jumatatu:
Inabeba abiria? Haibebi.
Inabeba saruji? Haibebi.
Sasa inafanya nini?
Ninamuuliza kama anataka chai.

Asubuhi ile tuliondoka kabla hewa haijawa nyepesi,
nusu tangi, wawili, tukapanda upande wa Kibosho.
Nilitaka kukiona kihamba cha baba.
Miaka ishirini nimelala pale, kila mgomba naujua kwa jina la aliyeupanda,
lakini ukiwa juu, migomba ni migomba.
Mabati mekundu, mabati ya buluu,
mengi nimeyauza mimi, mengine bado nadai.
Dada yangu Aikande tulimwambia asimame uani
apunge khanga ya njano.

Kila ua ulikuwa na mtu anapunga.
Khanga, mashuka, kofia, beseni,
mtoto mmoja anapunga kuku.
Nikazunguka mara mbili, jicho moja kwenye geji,
na masikioni mwangu, kupitia nyaya za mtumba,
Ndeonansia akacheka,
kicheko nilichodhani tulikiuza zamani, kabla ya kiwanja.
Wapungie wote, akasema. Mmojawapo ni yeye.

Kuja Moshi kulikuwa kumeshakula saa moja.
Nilipozima, mapanga yakazunguka taratibu mpaka yakasita,
nikafungua kitabu juu ya goti, nikaandika tarehe:
*sifuri nukta sita.*
*Zimebaki mia tatu na kumi, nukta nne.*
Kisha, mahali pa kuandika hitilafu:
*Aikande hakuonekana.*