Nyuzi Saba

Safu tatu za juu baba hakuzivuna.
Aliziacha chini ya wavu, kama kila mwaka,
zizeeke mtini, zikunjamane ngozi,
zingoje usiku wa nyuzi saba chini ya sifuri.
Kwingine mvumilivu hula mbivu.
Kwetu Moseli hungoja iliyoganda.

Kipimajoto kimepigiliwa msumari mlangoni pa ghala,
kando ya alama za mafuriko:
mkwaruzo huu wa babu, huu wa babu yake babu,
na ule wa juu, uliokipita kitasa,
mwaka mapipa yalipoelea uani
yakigongana kama walevi.

Novemba, ukungu. Desemba, ukungu.
Krismasi ikanyesha, mto ukapanda hadi benchi la kivuko.
Kila saa tisa ya usiku namsikia akishuka ngazi,
soksi za sufu, goti la chuma,
tochi,
kimya,
ngazi tena.

Wachumaji wako tayari. Wolfhard muoka mikate,
Bi Dörscheid, mwalimu mstaafu mwenye makasi yake mwenyewe,
na Zdzisława, aliyetoka Poland kuvuna mwezi mmoja
miaka kumi na tisa iliyopita.
Wote hulala na simu mtoni, buti kitandani karibu.

Januari kwezi wakaona tundu wavuni.
Safu ya kwanza ikabaki vikonyo.

Kisha usiku mmoja, nyota kali, moshi wa mabomba umesimama wima,
nikashuka nyuma yake.
Sita na nusu.
Kidole chake kikakigonga kioo polepole,
kama mtu apigaye hodi
nyumba ambayo wenyewe wamehama.
"Nusu tu, baba. Nani atajua?"
Hakugeuka.
"Zabibu."

Kulipokucha tulipanda wote, bila kuitana,
mawe meusi yakiteleza na kulia chini ya buti kama vigae,
tukakata wavu, tukala tukiwa tumesimama.
Zilikuwa laini. Tamu, tamu ya kukwaruza koo,
na katikati ya kila moja
chembe ya barafu iliyokufa ulimini kabla hujaihesabu.

Jioni baba alichukua msumari.
Maji yakija huacha alama yao yenyewe;
baridi isiyofika nani ataiandika?
Akakwaruza mstari mfupi penye kipimajoto, akaandika mwaka,
akapuliza vumbi la mbao.

Zdzisława alisimama akitazama, mikono kwapani.
"Sasa buti," akauliza, "nizirudishe kabatini?"