Kosa la Sifuri

Mizani ya kwanza asubuhi hii ni ya muuza nyama wa Pasua.
Anasema inamdanganya. Wote husema hivyo;
hajawahi kuja mtu akasema, "Mimi ndiye ninayeidanganya."
Naifungua mgongo, napuliza unga wa mifupa,
na simu yangu, imeegemea kopo la grisi,
inaendelea kunisomesha:
Mwalimu Mshiu, sauti aliyoirekodi alfajiri,
jogoo wake akimkatiza kila anapotaja "kani".

Nina miaka arobaini na mmoja. Nimo kidato cha nne.
Ukinipita hapa Mbuyuni huwezi kujua:
shule yangu haina kengele, haina sare, haina foleni ya uji.
Huja ndani ya bahasha ya kaki,
ukurasa wa tisa umechapwa mara mbili
na wa kumi haupo.
Wa kumi niliazima kwa Ndeshi, mpika maandazi wa Njoro,
naye alikuwa ameufungia sukari,
ndiyo maana Sheria ya Pili ya Mwendo
naijua ikinata.

Niliacha kidato cha pili, mwezi wa nane,
siku baba alipoanguka juu ya meza hii hii
na jiwe la kilo mbili mkononi.
Tulimzika kihambani, Kibosho.
Tuliporudi mjini, mizani kumi na moja za watu
zilikuwa zikimngoja fundi,
na ada haikuwa ikimngoja mtu.
Nikashika bisibisi.
Hakuna aliyenifukuza. Niliaga nikisema nitarudi Jumatatu.

Jumatatu hiyo ilichukua miaka ishirini na mitano.

Siku za Jumamosi tulikutana ana kwa ana, Majengo,
kwenye chumba cha darasa la tatu.
Magoti yetu hayakuingia chini ya dawati.
Mlinzi wa benki, macho mekundu ya zamu;
binti na kichanga chake mgongoni;
mzee Kileo, aliyetaka cheti
ili wajukuu wanyamaze.
Ukutani, ndizi tatu zikijumlishwa na ndizi mbili.
Mwalimu akauliza: springi ni nini?
Springi! Nimelala nazo, nimeamka nazo,
iliyochoka naitambua kwa mlio.
Lakini mtihani unataka niijue kwa Kiingereza,
na kwa Kiingereza
mikono yangu ni bubu.

Moduli inasema: springi ikivutwa kupita kikomo chake
hairudi ilikotoka.
Nilipiga mstari chini ya sentensi hiyo.
Kisha nikaufuta.

Novemba. Namba yangu inaanza na P;
watoto wa shule, ng'ambo ya ukuta, wana S yao.
Kituo chetu hakikuwa na maabara,
tukapewa picha ya maabara:
mchoro wa kwanza, mizani tupu;
mchoro wa pili, mizani na jiwe lake.
Soma uzito.

Nikainama. Nikasahau kuwa ni karatasi,
kidole gumba kikaenda kutafuta skrubu.
Maana pale kwenye mchoro wa kwanza, kabla ya jiwe lolote,
mshale ulisimama unywele mmoja mbele ya sifuri.
Ilishavutwa hiyo. Zamani. Na kitu kizito.
Na bado inapima,
mradi ujue cha kutoa.

Nikatoa. Nikaandika jibu,
na chini yake, kwa Kiingereza cha kuazima,
sentensi ambayo hakuna aliyeniomba:
mizani hii si mbovu,
ila anza kwa kuuliza ilikuwa wapi.

Matokeo bado.
Sauti za mwalimu sijazifuta, nimemzoea jogoo.
Muuza nyama anakohoa, anataka kuondoka.
"Imepona?"
"Weka kilo," namwambia, "tuone."