Nukta

Zamu yako ya mwisho hapa Newala, Ndyamukama,
nami sina cheti cha kukupa.
Kitatoka chuoni, na muhuri wake.
Kaa. Chai ya tangawizi imo kwenye chupa ya Sista Nampunju,
asubuhi atanuna, tutamlipa.

Ukungu umeshapanda kutoka bonde la Ruvuma.
Dirisha la wodi ya watoto halifungi tangu masika,
na mashine ya oksijeni inakoroma kama mume wangu.

Miaka mitano umeandika kwa penseli.
Hata uliposhika wino ilikuwa penseli:
chini ya jina lako lilisubiriwa jina la mwingine,
na mimi sikuvunja kichupa mpaka lije.
Ukishafaulu watakuita tarajali.
Neno zuri; anatarajia, anatarajiwa,
na pa kulala hajapata.
Siku hiyo kichupa kitavunjwa kwa jina lako peke yake.

Alikuwapo mmoja, simtaji, sasa ni bingwa.
Msimu wa korosho, wodi imefurika,
akina mama wamelala chini ya vitanda, wananukia mabibo.
Kichanga cha kilo moja na nusu, kinachemka.
Daktari yu macho tangu juzi.
Akaandika gentamisini, sabini na tano.
Nikasoma. Nikasoma tena kwa tochi ya simu.
Nikamfuata koridoni, bomba tupu mkononi:
"Daktari, nukta yako umeiacha wapi?"

Angeweza kunikaripia. Wapo waliokaripia.
Aliitazama karatasi kama mtu anayeonyeshwa mchana
shimo alilolivuka usiku.
Kisha akaiweka, hapo, kati ya saba na tano,
ndogo kuliko punje ya ufuta,
akaenda kunawa uso, akakawia.

Mtoto yule yuko darasa la tatu.
Mama yake hajui kitu. Kila mwaka huniletea ming'oko,
ati kwa sababu nilimwazima kanga.

Hesabu sikufundishi, unaijua kuliko mimi.
Nakufundisha kuulizwa.
Saa tisa usiku, miguu imevimba ndani ya viatu,
mtu asiye na digrii anasimama mbele yako
na swali linalofanana na tusi:
usimtazame yeye. Tazama karatasi.

Na mama akikwambia "ni chango,"
usicheke, wala usifungue kitabu, hamna.
Muulize linaanzia wapi,
na ni nani aliyemwambia ni chango.
Ukikwama, mpigie mkubwa wako.
Akifoka, mpigie tena.
Wa kufokewa wote wako hai.
Wa kunyamaza, naweza kukuonyesha makaburi.

Huko watakakokupanga, sijui wapi,
yupo mwenzangu mwenye tochi ya simu.
Lijue jina lake siku ya kwanza,
kabla hujajua choo kiko wapi.

Haya, kitanda cha sita wanaita.
Nenda wewe.
Mimi namalizia chai ya watu.
Ukirudi, niachie faili hapa mezani,
wazi, penye mwanga.