Chenga

Alhamisi, Tartu, juu ya duka la mikate,
theluji inayeyuka kwenye buti zetu.
Uku kanunua lenzi nyingine; mkewe hajui.
Tunaipokezana kama kichanga,
kila mtu akipuliza vumbi lisilokuwepo.

Leida akaweka picha mezani:
mkono juu ya shuka, mwanga wa dirisha, basi.

"Kasi gani?" Uku.
"Moja ya thelathini. Nilibana pumzi."
"Vivuli vina chenga," akasema Rein,
na tukabishana: chenga, filamu, dawa ya kusafishia,
mpaka chai ikapoa,
mkono wenyewe tumeupiga chenga.

Ngazini, nikitafuta glavu, nikamuuliza ni wa nani.
"Wa dada. Nilipoibana yangu,
yeye akaiachia yake."

Chini mlangoni Uku angali anahesabu milimita.