Irabu Moja

Famau hupima makohozi hospitalini,
na jioni huipima dunia barazani kwetu Langoni,
kofia imelala upande, kahawa inapoa.
Leo anasema harufu ni chembe,
chembe ina umbo, na pua ina tundu lake,
kama ufunguo na kitasa.
"Basi ziba kitasa, au pinda ufunguo.
Harufu itakuwepo, ila haitafungua mlango."
Punda wa Shekuwe akapita na mifuko ya simiti,
akatua mzigo mwingine mbele ya miguu yetu.
"Anza na huo," nikamwambia.

Alishajaribu: makaa ya kusaga, chokaa, ndimu,
akamwaga kwenye mtaro wa Mkomani.
Siku mbili mtaro ukanuka ndimu iliyooza.

Fikiri, anasema: kunuka, kunukia,
kati yao irabu moja tu.
Ukiipata hiyo i, ukaitia chupani...

Kisha akapaa, hakuna wa kumshika:
kumbukumbu nayo ni chumvi na umeme,
umeme usioweza kuwasha hata taa ya simu.
Siku moja watauvuta kwa mrija
kutoka kichwa hiki hadi kile,
kama maji ya kisima yaingiavyo birikani.

Nikauliza: na kumbukumbu ya harufu je?
Ikihamia kwangu, itanuswa kwa pua ya nani?
Famau akakuna kidevu. Kahawa akaisahau.

Nina sababu ya kuuliza.
Mama hanusi. Tangu homa ya mwaka juzi
mji mzima ulisafishwa kwa usiku mmoja:
mtaro, punda, ng'onda,
na asumini pia.
Dawa anayoitafuta Famau
imo kichwani mwa mama, na mama haitaki.

Naye ndiye aliyepika udi wa maharusi
miaka thelathini. Sasa nakoroga mimi.
Sufuria moja, vichwa viwili,
na waya kati yetu ni maneno,
waya mbovu, unakatika katika.
"Unanukiaje?"
"Kama mti uliolowa."
"Mti gani?"
"Wa mlango. Mvua imeupiga upande mmoja."
Anafumba macho, anapekua humo ndani.
"Bado. Sukari haijaiva.
Usisikilize kwa pua. Ngoja ikufike hapa,"
kidole chake kisogoni pangu, kikavu, kina majivu.

Nikakoroga. Mkono ukaniuma.
Alikuwa keshaenda kuanua nguo
ilipofika, palepale.