Risasi Tano Tano

Ijumaa, nje ya Ibra, uwanja ni wetu saa nzima.
Bunduki moja, watu wanne, risasi tano tano:
baba azihesabu kama mahari.

Nasra kamaliza zake; mchanga ndio ulioumia.
Mimi nimetoboa pembe ya boksi la tende,
najisifu hivyo hivyo.

Shangazi Thuwaiba avua miwani, aifuta kwa shela,
airudisha, akumbatia kitako begani.
"Usivute," aniambia. "Finya,
kama unavyofunga pindo la sambusa."
Pumzi nusu.
Pa!

Nne zote pale pale: tundu moja, limenona.

Ya tano haipigi.
Aitia kiganjani mwa Nasra, ina joto la mfukoni:
"Haya, mwanangu. Safari hii
usamehe mchanga."